Maarifa ya Shirika: Kuyahifadhi, Kuyarithisha na Kuyatumia katika Kukata Shauri

0. Utangulizi

Katika idara moja ya chuo kikuu, ambayo hatutaitaja, alikuwako katibu aliyeshika madaftari ya alama za wanafunzi kwa miaka mingi. Alipostaafu alikabidhi funguo, mihuri na madaftari yote, wala hapakupungua kitu. Miezi michache baadaye mwanafunzi wa zamani alikuja kuomba karatasi ya alama zake. Alikuwa ameahidiwa kazi, na mwajiri alitaka karatasi hiyo kabla ya mwisho wa mwezi. Daftari likafunguliwa. Mbele ya alama ya somo moja palikuwa na nukta ndogo ya kalamu ya buluu, na hakuna aliyejua maana yake. Wengine walisema kwamba mwanafunzi hakuhudhuria mtihani. Wengine walishuku udanganyifu. Kikao kilikutana na kuamua kwamba karatasi isitolewe hadi uchunguzi ufanyike. Mwezi ukaisha, na kazi ikapewa mtu mwingine.

Mwandishi wa makala haya ndiye aliyetumwa, baadaye, nyumbani kwa katibu yule mzee. Jibu halikuchukua dakika mbili, nalo lilitolewa kwa Kiswahili cha Lubumbashi: «Mwana, ile nukta ni ya kuonyesha kama profesa alisahihisha tena kisha mwanafunzi kulalamika. Mukanda ya profesa iko mu karto, kule chini ya meza.» Mukanda, yaani barua, ilikuwamo katika katoni ile ile aliyoitaja.

Hapa hatumlaumu katibu, kwani alikabidhi kila alichoombwa. Wala hatuwalaumu waliokaa kikaoni, maana waliamua kwa kile walichokuwa nacho. Kosa lilikuwa katika jambo ambalo halikuwa mikononi mwa yeyote: idara ilikuwa na daftari lakini haikuwa na msomaji wake. Wataalamu wa usimamizi huliita jambo hili upotevu wa maarifa ya shirika. Makala haya yana shabaha ya kueleza maana ya maarifa hayo, jinsi yanavyohusiana na uamuzi na uendelevu wa shirika, na njia chache ambazo taasisi isiyo na fedha nyingi inaweza kuzifuata. Kwa kuwa tunaandika katika jarida la Kiswahili, tutaonyesha pia kwamba sehemu kubwa ya tatizo hili ni tatizo la lugha.

1. Maneno na maana zake

Neno taarifa na neno maarifa yametoka katika shina moja la Kiarabu, lile lile lililotupatia kitenzi kuarifu. Hata hivyo, matumizi yameyatenga. Taarifa ni kile kinachopelekwa. Maarifa ni kile kinachobaki kwa aliyepelekewa na kumwezesha kutenda. Nukta ya buluu ni taarifa. Kujua nukta hiyo inamaanisha nini, na barua inayoithibitisha iko wapi, hayo ndiyo maarifa. Neno ujuzi, lenye asili ya Kibantu katika kitenzi kujua, huelekea zaidi upande wa mkono: tunasema ujuzi wa kuchomelea chuma au ujuzi wa kuoka mikate. Uzoefu, kutoka kuzoea, ni ujuzi uliopitiwa na wakati.

Kwa maarifa ya shirika tunaelewa, basi, yale yote yanayoliwezesha shirika kutenda kazi yake hata pale mtu mmoja au wawili wanapoondoka. Ufafanuzi huu ni mkali kwa makusudi. Kitu anachokijua mtu mmoja peke yake ni maarifa ya mtu huyo. Shirika linayaazima tu, na siku ya kuyarudisha haitangazwi.

Kuhusu uamuzi, Kiswahili kina msemo unaostahili kuangaliwa kwa makini: kukata shauri. Kifaransa nacho, kwa kupitia Kilatini, kilijenga neno lake la kuamua juu ya wazo la kukata. Lakini Kiswahili kinataja kile kinachokatwa: shauri, yaani maongezi ya watu wanaotafuta njia pamoja. Hakuna kukata pasipo shauri la kukatwa. Kikao kisichokuwa na maarifa hukata hewa, kama kilivyofanya kikao cha idara yetu.

Uendelevu, hatimaye, umetokana na kuendelea. Siku hizi neno hili hutumiwa zaidi kwa misitu, maji na udongo, lakini linafaa pia kwa taasisi. Taasisi endelevu ni ile ambayo kazi yake haianzi upya kila mara wahusika wanapobadilika.

2. Lukasa, au ubao na msomaji wake

Wapo wanaodhani kwamba elimu ya kuhifadhi maarifa ya taasisi ililetwa kwetu pamoja na kabati za chuma. Mfano wa Waluba unatosha kuonyesha kinyume chake. Katika utawala wa Waluba, kusini-mashariki mwa nchi yetu, kilikuwako chama kilichoitwa Mbudye, ambacho kazi yake ilikuwa kushika historia ya ufalme pamoja na kanuni zake. Chombo chake mashuhuri ni lukasa, ubao mdogo wa kushikwa kwa mkono, uliopambwa kwa shanga, vipande vya kome au misumari, au uliochongwa michoro. Msomaji huushika kwa mkono wa kushoto na kuupitisha kidole cha shahada cha mkono wa kulia, huku akisimulia au kuimba: majina ya wafalme, safari za mashujaa, mahali patakatifu, asili ya koo, nafasi ya kila mwenye cheo katika baraza.

Mtaalamu wa historia Thomas Reefe aliuandikia chombo hiki mwaka 1977, na mwaka 1996 Mary Nooter Roberts na Allen Roberts waliandaa maonyesho makubwa jijini New York juu ya sanaa ya Waluba na kumbukumbu. Katika kazi zao yapo mambo matatu yanayotuhusu.

Jambo la kwanza ni kwamba ubao peke yake hausemi. Ushanga mkubwa uliozungukwa na midogo unaweza kuwa mfalme na watu wake, lakini asiyefundishwa ataona urembo tu. Ndiyo sababu Mbudye haikuhifadhi mbao peke yake. Ilifundisha wasomaji, kwa ngazi, na ngazi za juu hazikufikiwa na wote. Jambo la pili ni kwamba usomaji haukuwa mmoja siku zote. Ulibadilika kufuatana na msomaji na tukio, maana kumbukumbu ilitumiwa kutatua jambo lililokuwa mbele ya watu siku ile. Jambo la tatu ni kwamba Mbudye ilikuwa mizani ya mamlaka. Mfalme hakuwa na uhuru wa kuzua historia ya kumfaa, kwa kuwa walikuwako wengine walioishika.

Katika mambo hayo matatu tunapata kanuni tutakayoifuata katika sehemu zote zinazosalia: maarifa ya shirika yana nusu mbili, alama na msomaji. Alama bila msomaji ni ubao wa shanga. Msomaji bila alama hufariki pamoja na anachokijua. Daftari la idara yetu lilikuwa lukasa iliyopoteza Mbudye wake.

3. Maarifa ya mkononi na maarifa ya maneno

Kwa nini msomaji hawezi kuandika yote kisha akaenda zake? Mwanafalsafa Michael Polanyi, mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Uingereza, alilijibu swali hili katika kitabu alichotoa mwaka 1966. Alionyesha kwamba daima ujuzi wa mtu huzidi yale awezayo kuyaeleza. Tunautambua uso wa rafiki kati ya watu elfu, lakini tukiombwa kueleza tunautambuaje, maneno hutupungukia. Ndivyo alivyo fundi anayesikia mlio wa mashine na kujua kwamba itaharibika.

Huko Japani, Ikujiro Nonaka aliichukua hoja hiyo na kuifanya msingi wa elimu ya usimamizi, kwanza katika makala ya mwaka 1991, kisha katika kitabu alichoandika pamoja na Hirotaka Takeuchi mwaka 1995. Mfano wao unaojulikana sana ni wa kampuni ya Matsushita ya Osaka. Mwaka 1985 wahandisi wa kampuni hiyo walikuwa wakitengeneza mashine ya kuoka mkate nyumbani, lakini haikuwa ikikanda unga vizuri: ganda liliungua, na ndani mkate ulibaki mbichi. Walilinganisha hata picha za eksirei za unga uliokandwa na mashine na ule uliokandwa na mwokaji, wasipate jibu. Ndipo Ikuko Tanaka, mtengenezaji wa programu za kompyuta, alipokwenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa hoteli moja ya mji huo. Aliona kwamba mwokaji yule aliunyoosha unga kwa namna ya pekee, kwa kuuvuta na kuupinda kwa pamoja. Baada ya majaribio ya muda mrefu pamoja na wahandisi, walitia mbavu maalumu ndani ya mashine, na mkate ukaiva.

Kutokana na mifano ya namna hii Nonaka alitofautisha miendo minne ya maarifa. Sisi tunapendekeza kuiita hivi kwa Kiswahili: mkono kwa mkono, pale mwanafunzi anapokaa na fundi na kuiga, mkono kwa neno, pale kile alichokiiga kinapopewa maelezo, neno kwa neno, pale maelezo yanapounganishwa na mengine katika mpango au kitabu, na neno kwa mkono, pale wasomaji wa maelezo hayo wanapoyafanya kuwa mazoea yao. Baada ya hapo mzunguko huanza tena, juu zaidi.

Taasisi zetu nyingi hushughulikia mwendo wa tatu peke yake. Huandika ripoti kutokana na ripoti. Mwendo wa kwanza huonwa kuwa ni kupoteza wakati, na mwendo wa pili, ambao ndio mgumu kuliko yote, huachwa bila mtu wa kuufanya. Matokeo yake ni kabati zilizojaa maneno ambayo hakuna mkono unaoyatambua.

4. Maarifa na kukata shauri

Huenda mtu akadhani kwamba shirika tajiri, lenye wahandisi wengi na kompyuta nyingi, haliwezi kupatwa na msiba wa nukta ya buluu. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha anga Challenger cha Marekani kililipuka sekunde 73 baada ya kurushwa, na watu saba waliokuwamo wakafa. Chanzo kilikuwa pete za mpira zilizoziba maungio ya roketi ya pembeni. Katika baridi, pete hizo hupoteza wepesi wa kutanuka na kuziba.

Jambo hilo lilijulikana. Jioni ya tarehe 27 wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi hizo, akiwamo Roger Boisjoly, walipendekeza kwa simu kwamba chombo kisirushwe katika baridi iliyopita kipimo cha safari zilizotangulia, yaani chini ya nyuzi 12 hivi za Selsiasi. Wakati wa kurushwa ilikuwa nyuzi 2 hivi. Wakuu wa kampuni yao, baada ya kushinikizwa, waliliondoa pendekezo hilo. Tume iliyochunguza ajali ilibainisha kwamba wale waliokuwa na neno la mwisho hawakuarifiwa kwamba wahandisi walikuwa wamepinga. Maarifa yalikuwamo ndani ya nyumba, lakini hayakufika kwenye meza ya kukatia shauri.

Miaka kumi na saba ikapita. Januari 2003 kipande cha povu gumu kiliipiga bawa ya kushoto ya chombo Columbia kilipokuwa kikiruka. Baadhi ya wahandisi waliomba zipigwe picha za bawa hiyo angani ili waione, picha hazikupigwa. Tarehe 1 Februari chombo kilivunjika kikirudi duniani, na watu wengine saba wakafa. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa Agosti mwaka ule ilisema wazi kwamba udhaifu wa kitaasisi uliosababisha ajali ya kwanza haukuwa umerekebishwa. Ripoti ya 1986 ilikuwapo, imechapishwa, inasomeka na yeyote. Mashine ilirekebishwa kufuatana nayo. Mwenendo wa vikao haukurekebishwa vya kutosha.

Tunapata hapa funzo linaloikamilisha kanuni yetu. Haitoshi kuwa na alama na msomaji. Lazima pia msomaji awe na njia ya kusikika kwa yule anayekata, hata kama cheo chake ni kidogo na habari yake haipendezi. Mbudye walikuwa na haki hiyo mbele ya mfalme. Mhandisi wa 1986 hakuwa nayo. Na tujiulize bila kujidanganya: katika idara zetu, mwandishi wa daftari anaalikwa kwenye baraza siku ya kujadili alama?

5. Uendelevu: kupokezana kwa vizazi

Hekalu la Ise nchini Japani hubomolewa na kujengwa upya, kwa umbo lile lile, kila baada ya miaka 20. Desturi hiyo ilianza mwaka 690, na ingawa ilikatizwa nyakati za vita, ujenzi wa 62 ulikamilika mwaka 2013. Mtu aweza kuuliza kwa nini wasijenge kwa jiwe mara moja tu. Sababu za dini ziko, lakini kwa msimamizi ipo faida nyingine. Miaka 20 ni muda unaomruhusu seremala kushiriki ujenzi akiwa kijana anayejifunza, kisha akiwa fundi kamili, kisha akiwa mzee anayefundisha. Kinachohifadhiwa, kwa hiyo, ni mikono inayojua kulijenga, zaidi ya mbao zenyewe.

Historia ya nchi yetu inatupa mfano wa kinyume. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongo waliokuwa na shahada ya chuo kikuu hawakufika thelathini, na jeshi halikuwa na afisa Mkongo hata mmoja. Ofisi zilikuwa zimejaa makarani Wakongo walioshika alama, lakini kusoma na kuamua kulikuwa kumewekewa wageni. Wageni hao walipoondoka kwa maelfu katika majuma yaliyofuata, mafaili yalibaki mahali pake. Upungufu huo ulikuwa tunda la utawala uliokataa kufundisha wasomaji.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Gécamines. Kampuni hii ya taifa, iliyoundwa mwaka 1967 kurithi kazi ya Union Minière, ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980. Kisha uzalishaji ulianguka. Kuporomoka kwa mgodi wa Kamoto mwaka 1990 kulikuwa pigo mojawapo kati ya mengi. Mwaka 2003 na 2004, kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa pamoja, wengi wao wakiwa wamekaa miezi mingi bila mshahara. Yamesemwa mengi, na kwa haki, juu ya malipo waliyopewa na juu ya maisha ya jamaa zao. Swali jingine huulizwa mara chache: kila mmoja wao aliondoka na nini kichwani na mkononi, na nani aliketi naye kumsikiliza kabla hajatoka langoni?

Swali hilo haliwezi kutengwa na lile la haki. Mtu asiyelipwa, au anayeogopa kufukuzwa, huyafanya maarifa yake kuwa shamba lake la mwisho. Akilifungua kwa wote, ana nini tena cha kumfanya ahitajiwe? Kwa hiyo, mkuu anayelalamika kwamba watu wake wanaficha wanachokijua aanze kwa kutazama jinsi anavyowatendea.

6. Lugha ya maarifa

Tangu siku za Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, kazi katika Katanga iligawanyika kilugha. Kiswahili kilishika mizizi machimboni, viwandani na makambini. Kifaransa kikabaki lugha ya ofisi. Mgawanyo huo unaendelea katika taasisi nyingi za mashariki na kusini-mashariki mwa nchi. Kapita humweleza kijana kazi kwa Kiswahili, kisha ripoti huandikwa Kifaransa na mtu ambaye hakuwapo.

Ukiurudia mzunguko wa Nonaka, utaona mara moja mahali pa ufa. Mwendo wa mkono kwa neno, ambao tumesema ni mgumu kuliko yote, hapa hudai pia kuvuka kutoka lugha moja hadi nyingine. Fundi anayeweza kueleza kwa Kiswahili tofauti ya milio mitatu ya mashine huambiwa ajaze fomu ya Kifaransa yenye mstari mmoja. Ataandika nini? Ataandika kwamba mashine imeharibika. Yaliyobaki hupotea, na baadaye ofisi husema kwamba mafundi hawana maarifa.

Kwamba watu wa kazi waweza kujiandikia, hilo halina shaka. Mwaka 1965 chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Elisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi, kilitoa kitabu kidogo cha historia ya mji kilichokusanywa na André Yav. Kichwa chake ni cha Kifaransa, lakini maandishi yake ni Kiswahili cha mji wenyewe, bila kungoja ruhusa ya kanuni za tahajia. Mwaka 1990 mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikichapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kisingaliandikwa kwa lugha ya waandishi wake, tusingalijua jinsi mji ulivyoonekana kutoka jikoni na uani.

Hapa ndipo mwanaisimu anapopata kazi katika usimamizi, kazi ambayo wanafunzi wetu hawajaifikiria vya kutosha. Kukusanya msamiati wa karakana, wa maabara, wa ofisi ya katibu. Kutenga maana zinazokaribiana. Kuandika jinsi neno linavyotumiwa kweli na si jinsi linavyopaswa kutumiwa: hayo tunayafundisha kila mwaka kama mazoezi ya shahada. Yakifanywa kwa mpango, ni hifadhi ya maarifa ya shirika.

7. Njia za kufuata

Njia tunazozitaja hapa hazihitaji mashine ya gharama. Zinahitaji daftari, kalamu na saa chache.

(a) Kikao cha baada ya kazi. Jeshi la Marekani lilikiweka katika mazoezi yake tangu miaka ya 1970, na mashirika mengi yamekiiga. Baada ya kila kazi, wote walioshiriki, wakubwa kwa wadogo, hujibu maswali manne: tulikusudia nini? kilitokea nini? kwa nini pametokea tofauti? mara ijayo tufanye nini? Sharti lake ni kwamba asemaye ukweli asiadhibiwe, na lisipotimizwa, kikao hugeuka ibada ya kusifiana.

(b) Daftari la maamuzi. Kumbukumbu za vikao vyetu huandika kile kilichoamuliwa. Ziandike pia sababu, mambo ambayo kikao hakikuyajua, hoja za waliopinga, na tarehe ya kulirudia jambo hilo. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Uamuzi bila sababu hupotea vilevile, maana anayekuja hawezi kuusahihisha wala kuutetea.

(c) Kuwazia ajali kabla ya safari. Njia hii ilielezwa na mwanasaikolojia Gary Klein mwaka 2007. Kabla ya kupitisha mpango, kikao huombwa kufikiri kwamba mwaka umepita na mpango umeshindwa vibaya kabisa. Kila mmoja huandika peke yake sababu za kushindwa huko, kisha zote husomwa. Faida yake ni kwamba mdogo hupata nafasi ya kutaja hatari bila kuonekana kumpinga mkuu. Pengine ndiyo nafasi aliyoikosa Boisjoly.

(d) Makabidhiano ya masimulizi. Anayeondoka na anayeingia wafanye kazi pamoja kwa muda, hata majuma mawili tu. Anayeondoka asimulie na kuonyesha. Anayeingia aandike, kisha amsomee alichoandika. Lugha iwe ya anayesimulia. Tafsiri, ikihitajika, ije baadaye.

(e) Wawili kwa kila kazi. Isiwepo kazi inayojulikana na mtu mmoja tu. Yule wa pili si mshindani. Ndiye anayemruhusu wa kwanza kuugua, kusafiri na kustaafu bila idara kusimama.

(f) Kamusi ya kazi. Kila daftari lianze na ukurasa wa ufunguo: alama, vifupisho na maneno yote yanayotumiwa humo, pamoja na maana zake.

Tangu mwaka 2015 kanuni ya kimataifa ya ubora, ISO 9001, inayataka mashirika yanayoifuata kutambua na kutunza maarifa yanayohitajika kwa kazi yao, na mwaka 2018 ilitoka kanuni nyingine, ISO 30401, inayohusu usimamizi wa maarifa peke yake. Kwa hiyo haya si mapambo ya vyuo. Lakini tuonye: kununua kompyuta na kuzipiga picha karatasi zote si kutimiza kanuni hizo. Nukta ya buluu iliyopigwa picha inabaki nukta ya buluu.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba maarifa ya shirika yana nusu mbili, alama na msomaji. Kwamba hayafai kitu yasipofika mahali shauri linapokatwa. Kwamba hudumu kwa kupokezana na si kwa kufungiwa. Na kwamba katika mazingira yetu hupotea mara nyingi katika mwanya ulio kati ya lugha ya kazi na lugha ya ofisi. Njia tulizozitaja zina mipaka yake, maana hakuna daftari linaloshika nafasi ya mshahara wa haki wala ya heshima kati ya watu.

Idara tuliyoanza nayo ilimwalika mzee wake kwa asubuhi mbili, ikamlipia usafiri, ikamketisha pamoja na katibu mpya. Alitaja alama kumi na moja alizokuwa akizitumia. Tatu kati yake hakuna hata profesa mmoja aliyewahi kuziona. Zimeandikwa sasa katika ukurasa wa kwanza wa kila daftari, kwa Kiswahili upande mmoja na kwa Kifaransa upande wa pili. Mwanafunzi yule alipewa karatasi yake, ikiwa safi na yenye mhuri, miezi minne baada ya kuihitaji.